Mwalimu Asiyejua Kunyamaza

Nyumbani kwetu mke wangu anaitwa Mwalimu na mimi naitwa Fundi, kama watu wawili waliokutana kazini wakasahau kuagana. Hata wanetu, ambao sasa wana nyumba zao, wakipiga simu huuliza, "Mwalimu yupo?" Sioni ajabu. Ndoa yetu ina miaka thelathini na moja na ualimu wake una thelathini na tatu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuja nyuma.

Miaka yote hiyo amefundisha darasa la kwanza. Mara mbili walitaka kumpandisha awe msaidizi wa mwalimu mkuu, mara mbili akakataa, na mara zote mbili nilisusa chakula. Aliniambia kwamba mtu anayejua kusoma tayari hana haja naye. Mimi najua kusoma, kwa hiyo nilimwuliza ananiweka kundi gani. Akasema kundi la wale wanaosoma bila kuelewa.

Sasa nieleze kasoro yake, maana balaa lote limeanzia hapo. Mke wangu hawezi kumwona mtu amekwama. Mteja akija karakanani akaanza, "Fundi, nilikuwa nataka ile, ile ya kuwekea..." yeye kama yupo humalizia, "Vyombo. Kabati la vyombo." Mgonjwa mwenzake kwenye foleni ya hospitali akishindwa kujieleza kwa daktari, yeye humtajia ugonjwa. Nami sina la kusema, kwa sababu siku nilipomfuata kumweleza nia yangu, nimevaa shati la kuazima na jasho linanitiririka, nilisema, "Mimi nimekuja, nilikuwa nataka, nili..." nikakwama. Akaningoja muda wa kupepesa jicho, kisha akasema, "Kunioa. Haya, sawa." Ndivyo nilivyoposa. Sentensi yenyewe sijaimaliza mpaka leo.

Darasani hali ni hiyo hiyo, ila pale anatumia midomo. Mtoto akisimama mbele ya kadi yenye neno, midomo ya Mwalimu hutangulia. Neno likiwa "baba", midomo yake imeshakutana kabla mtoto hajafumbua wake. Mwenyewe hajui kama anafanya hivyo. Nilimwambia, akabisha. Nikamletea kioo, akasema kioo kimepinda. Watoto humtazama usoni, wakaokota silabi ya kwanza pale, ya pili wakaikamata wenyewe, na baada ya miezi mitatu hawamtazami tena, wanatazama kadi. Hajapata kumaliza mwaka na mtoto asiyesoma, ukiacha waliohama na mmoja ambaye kumbe macho yake yalikuwa mabovu na hakuna aliyejua. Huyo naye alisoma mwaka uliofuata, alipopata miwani.

Kisha ikaja Tathmini ya Ukuaji.

Nikiri mapema kwamba mimi niliishangilia. Niliisikia redioni nikiwa napiga randa mlango. Mtangazaji alisema kuanzia sasa mshahara wa mwalimu utakuwa na nyongeza inayofuata matokeo: watoto watapimwa mwanzoni mwa mwaka, watapimwa tena mwishoni, na tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo kazi ya mwalimu. Aliyekuza sana atapata nyongeza na cheti. Atakayeshika mkia ataondolewa darasani apewe kazi nyingine. Niliweka randa chini nikapiga makofi peke yangu.

"Hiyo ndiyo haki," nikamwambia Mwalimu tulipokaa mezani. "Mimi meza ikiyumba silipwi. Mlango usipofunga, mteja ananirudishia. Kwa nini yule mwenzenu wa darasa la tano, anayeingia na gazeti akatoka na gazeti, alipwe sawa na wewe?"

"Yule afukuzwe," akasema. "Nani amekataa? Mimi mwenyewe nitamfungulia geti. Lakini kumfukuza mzembe mmoja ni kazi ya mwalimu mkuu na kalamu yake. Sasa mwalimu mkuu anaogopa kuandika barua moja, ndiyo tupimwe wote?"

"Kupimwa unaogopa nini? Wewe si hodari?"

"Fundi, mbao zako anachagua nani?"

"Mimi."

"Ukikuta yenye fundo unaifanyaje?"

Nikajua ninakopelekwa, nikajaza mdomo chakula.

"Unairudisha dukani," akanimalizia. "Mimi ya kwangu ina fundo, imelowa, ina misumari ya mwenye nyumba wa zamani, na asubuhi haijanywa chai. Na sirudishi."

Nikamwambia mtoto si ubao. Akasema hilo ndilo analolisema yeye. Nikaondoka mezani nimenuna, kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kwa maneno yangu mwenyewe, jambo linalonipata ndani ya nyumba yangu kama mara mbili kwa wiki.

Ili mjue jinsi mambo yalivyoharibika, lazima nimtaje jirani yake. Shuleni kuna madarasa mawili ya kwanza. La pili analo mwalimu kijana ambaye wenzake wanamwita Bwana Grafu, kwa kuwa ukuta wake umejaa grafu za kila kitu, mpaka ya penseli zilizopotea. Si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu Mwalimu amenikataza kusema vinginevyo.

Bwana Grafu aliusoma waraka wa tathmini mara tatu na kalamu nyekundu mkononi. Ulisema kipimo cha kwanza kifanywe na mwalimu wa darasa, siku yoyote ndani ya wiki nne za mwanzo. Basi yeye akawapima watoto wake siku ya kwanza kabisa ya shule, saa mbili na nusu asubuhi, wakati nusu ya darasa inalia inataka mama na nusu nyingine inatafuta choo kilipo. Akaweka kadi mbele yao, wakalia, akaandika sifuri. Hakudanganya hata nukta. Darasa likapata kumi na moja kwa mia.

Mke wangu akangoja mpaka siku ya mwisho ya wiki ya nne, eti watoto wazoee kwanza. Akawaita mmoja mmoja, akawasogezea kiti, akawauliza wamelalaje. Kisha midomo ikatangulia. Darasa lake likapata sabini na tisa.

Mwisho wa mwaka watu wa wilaya walikuja wenyewe kupima. Watoto wa Bwana Grafu walipata sabini na nane. Watoto wa Mwalimu walipata themanini na tisa. Mtu yeyote mwenye macho mawili anaona nani wanasoma zaidi, lakini karatasi haikuuliza nani wanasoma. Iliuliza nani wamekua. Bwana Grafu alikuza sitini na saba, mke wangu akakuza kumi, na katika walimu wote wa darasa la kwanza wa wilaya nzima yeye ndiye akashika mkia.

Barua ilipokuja niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikataka kwenda wilayani na nyundo. Mwalimu akanipokonya barua, akaifuta maranda yangu, akaikunja. Ilisema ataondolewa darasani na kuwa mtunza stoo ya vitabu, isipokuwa akikata rufaa ndani ya siku kumi na nne. Alibakiwa na miaka miwili tu kustaafu. Miaka thelathini na tatu ya kufundisha watu kusoma, amalizie kwa kuhesabu maboksi!

"Andika rufaa," nikasema. "Andika kwamba hesabu zimekosewa."

"Hazijakosewa."

"Andika tu!"

Akaandika. Mtu mwenye akili zake angeandika kwamba huenda kulikuwa na hitilafu katika kipimo cha kwanza, akaweka nukta. Mke wangu aliandika, nimeiona kwa macho yangu, "Huenda niliwasaidia kidogo, kwa kuwa walikuwa wanahangaika." Nikamwuliza kama anataka na pingu wampelekee pale pale shuleni. Akasema ukweli haumpeleki mtu jela. Sijui dunia hiyo anayoisema iko wapi.

Hata hivyo jibu lililokuja lilikuwa la huruma kuliko nilivyotegemea. Mwaka mpya, kipimo cha kwanza cha darasa lake kitafanywa mbele ya mkaguzi. Watoto wakipata alama za chini, kama watoto wote wanaoanza, itaeleweka kwamba kipimo cha mwaka jana kilikuwa na kasoro, kitafutwa, naye atabaki na darasa lake. Vinginevyo barua ya kwanza inasimama, na watoto wake wataunganishwa na wa Bwana Grafu. Sharti lilikuwa moja: mwalimu asiseme lolote wakati mtoto anasoma.

"Basi, tumepona!" nikasema. "Asubuhi moja tu. Kukaa kimya tu. Hata kuku ukimfunika tenga anakaa kimya."

"Unaniambia nimtazame mtoto anazama."

"Hazami, ni kadi! Kesho yake utamwopoa mwenyewe."

Ikabidi nimtaje Kandambili.

Kandambili ni mjukuu wa muuza mkaa aliye mkabala na karakana yangu. Tulimwita hivyo kwa sababu alivaa kandambili zisizo ndugu, moja nyekundu na moja ya bluu. Kila jioni huja kuokota maranda ya kuwashia jiko la bibi yake. Husimama mlangoni kwanza akinitazama bila kusema neno, mpaka nitikise kichwa. Akishajaza mfuko husema, "Shikamoo Babu Randa asante Babu Randa," kwa pumzi moja, akakimbia. Mwaka jana alikuwa kwa Bwana Grafu, naye ni mmoja wa wale ambao grafu ilipanda ikawaacha chini. Sasa anarudia darasa. Bibi yake alikuja nyumbani kwetu, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema, "Mwalimu, huyu mtoto si mjinga. Ana haya tu. Mwaka huu nakuomba uwe naye wewe." Mwalimu akaahidi.

"Ukipelekwa stoo," nikamwambia, "Kandambili anarudi kule kule, mtoto wa tisini katika chumba kimoja. Bibi yake utamwambia nini?"

Alifungua kifuniko cha chupa ya chai, akakifunga tena.

"Nitanyamaza," akasema.

Tukaanza mazoezi. Mimi nilisoma gazeti kwa sauti nikikwama makusudi, yeye kazi yake kunitazama tu. Neno la tatu akalimalizia. Nikamwambia afumbe mdomo kwa kitambaa. Akafumba, akanimalizia kwa nyusi. Siku ya nne niligombana naye juu ya taarifa ya bei ya saruji kiasi kwamba jirani alibisha hodi kuuliza kama kuna msiba. Lakini siku ya kumi alifika mwisho wa ukurasa bila kutikisa hata kope, kisha akaenda jikoni akakaa huko peke yake. Nilijipongeza. Nilijiona fundi kwelikweli.

Siku yenyewe ilipofika sikutaka kuachia mambo yajiendee. Jana yake nilikuwa nimepita shuleni kupeleka madawati, nikaingia darasani mwake, nikalegeza bawaba ya kabati la vitabu lililo kando ya ubao. Asubuhi nikaripoti kwa mwalimu mkuu kwamba mlango ule ni hatari kwa watoto. Mwalimu mkuu wetu ni mtu anayeomba radhi kabla hajakosea, kwa hiyo akaomba radhi, akanipeleka mwenyewe.

Mkaguzi alikuwa kijana mwenye adabu, na saa ya kuhesabia sekunde imening'inia shingoni.

"Na huyu ni nani?" akauliza.

"Fundi tu," akasema mwalimu mkuu.

Watu wakishasikia fundi hawakuoni tena. Akaniomba nisigonge, nikamwambia nitapiga msasa tu. Nikapiga magoti kando ya kabati, nyuma ya bega lake.

Kisha akamgeukia mke wangu. "Samahani, mama. Rufaa yako yenyewe ilisema kwamba unawasaidia. Naomba kiti chako kiangalie ubao."

Akageuza kiti. Mwalimu akakaa, mgongo kwa darasa lake, uso kwenye ubao mtupu, mikono ameikalia. Miaka thelathini na moja ya ndoa sijamwona amekaa hivyo. Watoto hamsini walikitazama kisogo chake kama wanangoja kiseme neno. Nikaendelea na msasa.

Mkaguzi akaeleza. Kadi kumi kwa kila mtoto, sekunde tano kila kadi, mtoto akishindwa kadi inapinduliwa. Wa kwanza alisoma moja. Wa pili hakusoma yoyote, akajikunja akarudi kwenye dawati lake. Wa tatu alimtafuta Mwalimu kwa macho, akamkosa, akaanza kulia pale pale wima, na mkaguzi akawa anapindua kadi taratibu mbele ya mtoto anayelia mpaka zikaisha kumi. Mabega ya Mwalimu yalipanda, yakashuka. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu sifuri zile kwa furaha. Zote zilikuwa zetu.

Wa nne alikuwa Kandambili.

Kadi tatu za kwanza zilimpita. Ya nne ilikuwa na neno "kitanda".

"Ki," akasema.

Mkaguzi akatazama saa.

"Kita," akasema Kandambili.

Kisha basi. Alimtazama mkaguzi, mkaguzi anatazama saa. Alitazama kisogo cha Mwalimu. Hatimaye macho yake yakavuka bega la mkaguzi yakanikuta mimi chini kwenye kabati. Alinitazama vile vile anavyosimama mlangoni kwangu, bado hajasema neno, anangoja nitikise kichwa.

Sasa mimi nimetengeneza vitanda tangu ndevu hazijaota. Vitanda ndivyo vilivyosomesha wanangu. Nikajiambia, Fundi, kaa. Mwezi mzima umemwambia mwenzako akae kama kuku chini ya tenga. Kaa.

"Nda," nikasema.

Wala sikunong'ona. Mtu aliyezoea kuongea penye msumeno hajui kunong'ona.

"Kitanda!" akasema Kandambili, akaruka, kandambili nyekundu ikamtoka mguuni ikaangukia meza ya mkaguzi.

Mkaguzi akasimamisha saa. "Nani amesema?"

Vidole hamsini vikaninyooshea. "Babu Randa!"

"Mzee, kwani wewe ni nani hapa?"

"Fundi wa kabati."

"Na ni mume wangu," akasema Mwalimu, bado anautazama ubao, kwa sababu hakuna aliyemwambia ageuke.

Mkaguzi alifunga faili lake polepole. Nitamtendea haki: alionekana kusikitika. Alisema kipimo kimeharibika, na waraka unasema kikiharibika mbele ya mkaguzi kinabaki kile cha zamani na barua yake.

"Lakini ni mimi niliyesema!" Nilikuwa nimesimama sasa, msasa mkononi, nafoka mbele ya watoto. "Yeye hajafungua mdomo! Si umemwona? Niadhibuni mimi! Nipelekeni mimi stoo!"

"Mzee, waraka haukutaja mafundi."

"Basi waraka wenu haukutaja na watoto!"

Mwalimu mkuu akatuomba radhi sote, mmoja mmoja, nadhani na kabati pia. Mke wangu akainuka, akaichukua ile kandambili mezani, akachuchumaa akamvisha Kandambili. "Umesoma vizuri," akamwambia. Kisha akaanza kukusanya vitu vyake.

Kwenye njia ya kurudi nyumbani nilibeba mfuko wake na sanduku langu la zana, na hakuna kilichokuwa kizito kama ulimi wangu. Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kwamba mwezi mzima nimemfokea anyamaze, jambo ambalo mimi mwenyewe nimelimudu kwa watoto watatu tu. Nikaanza mara ya kwanza, nikaacha. Nikaanza tena.

"Mwalimu, mimi nime... Yaani pale nili..."

Nikakwama. Nikangoja animalizie. Alikuwa amesimama kando ya barabara, ananitazama usoni, midomo imetulia kabisa. Pikipiki ikapita, akaendelea kungoja. Tangu nimjue, hajapata kunifanyia hivyo, na ningelipa chochote aseme yeye.

"Nimekuponza," nikasema mwenyewe.

"Ndiyo," akasema. Akachukua mfuko wake mkononi mwangu, tukaendelea na safari. Mbele kidogo akasema, "Ila ile 'nda' umeitamka vizuri."

Jumatatu yake akaingia stoo. Ni chumba kisicho na dirisha, kina maboksi ya vitabu, mipira iliyopasuka na chaki. Darasani Bwana Grafu akabaki na watoto tisini na tano, wengine wamekaa sakafuni. Mwezi wa kwanza alihangaika na grafu zake. Mwezi wa pili akaanza kuishiwa chaki. Kila baada ya muda mfupi humtuma mtoto mmoja stoo kuchukua kipande, na mtoto huyo harudi mpaka nusu saa ipite. Wa kwanza kutumwa alikuwa Kandambili. Mwalimu mkuu ameomba radhi kwa wilaya kuhusu matumizi makubwa ya chaki. Mimi nimepeleka benchi moja fupi, nikaliandika kwenye daftari la shule kuwa ni rafu.

Nyongeza mke wangu hana, kwa kuwa mtunza stoo hana mtoto wa kumkuza. Grafu ya Bwana Grafu mwaka huu, kila mtu anasema, itatoboa dari.

Jioni moja wiki iliyopita Bwana Grafu alikuja karakanani amebeba bahasha kubwa. Kilikuwa cheti chake cha mwaka jana, kimefika kwa kuchelewa kama kila kitu cha wilayani, na mwalimu mkuu ameagiza kitundikwe ofisini. Alitaka fremu. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na mengine nilikuwa nimeyatunza muda mrefu, lakini alisimama akikwepa macho yangu, nikachukua futi kamba nikapima. Kazi ni kazi. Fremu nikiikosea pembe, silipwi.

Kandambili alikuwa ameinama anajaza mfuko maranda. Akaiona karatasi ile yenye ukingo wa dhahabu juu ya benchi langu la kazi, akaja akasimama mbele yake.

"Cheti," akasoma. "Cheti cha u. Ufa."

Akatulia. Bwana Grafu alivuta pumzi, nami ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Mtoto hakututazama. Alitazama karatasi tu.

"Ufani. Ufanisi," akasema. "Cheti cha ufanisi." Kisha akainua uso, mara kwangu, mara kwa mwalimu wake. "Cha nani?"

Bwana Grafu akafungua mdomo. "Ni cha," akasema. "Ni..."

Akakwama. Na mtu wa kummalizia alikuwa bado yuko stoo, na watoto wa chaki.